Kura 2,320 Dhidi ya Wabunge 184

Tarehe 10 Januari 1966, Atlanta, Georgia. Bunge la jimbo linafungua kikao. Wabunge wapya wanajiandaa kula kiapo, lakini karani wa bunge anamwomba mmoja wao akae kando. Jamaa ana miaka 25, anatimiza 26 baada ya siku nne. Mwembamba, mpole, suti imemkaa vizuri. Anaitwa Julian Bond. Wenzake wanaapa, yeye anatazama. Siku haijaisha kabla wabunge hawajapiga kura juu yake: 184 wanasema asipewe kiti, 12 wanasema apewe.

Miezi saba kabla ya hapo, watu wa eneobunge lake, nambari 136, nao walikuwa wamepiga kura. Bond alipata 2,320. Mpinzani wake alipata 487.

Weka hesabu hizo mbili kando kwa kando uone shida ilivyo. Watu 2,320 wamesema ndiyo. Watu 184, ambao hata mmoja wao hapigi kura pale mtaani, wamesema hapana. Kwani kiti ni cha nani? Ni cha bunge, liamue nani anafaa kuketi ndani? Ni cha mheshimiwa mwenyewe? Ama ni cha wale waliopanga foleni?

Mimi nimezoea kusikia swali hili likijibiwa kwenye vibanda vya chai, kwa kelele. Georgia lilijibiwa kwa mwaka mzima, kwa chaguzi tatu na kwa hukumu ya mahakama kubwa kabisa ya Marekani. Halafu miaka ishirini baadaye likajibiwa tena, kwa njia ambayo Bond mwenyewe hangependa. Nataka tuyaangalie majibu yote mawili, maana hadithi hii kwa kawaida husimuliwa ikiishia penye ushindi.

Kwanza tuelewane kuhusu cheo chenyewe. Marekani ina bunge la taifa kule Washington, halafu kila jimbo kati ya yale 50 lina bunge lake. Karibu yote yana nyumba mbili, moja ya wawakilishi na nyingine ya seneti. Kwa hesabu za Kenya, mbunge wa jimbo ni kitu kati ya MCA na mbunge wetu, ila jimbo lina meno kuliko kaunti. Linatunga sheria za jinai, linaendesha shule na magereza, na ndilo linalochora mipaka ya maeneo yanayotuma watu Washington. Hiyo ya mipaka ishike, tutairudia.

Sasa jamaa mwenyewe. Julian Bond alizaliwa Nashville mwaka 1940, katika familia ya vitabu. Babu yake alizaliwa mtumwa. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa na shahada ya uzamifu na alikuwa Mweusi wa kwanza kuongoza Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, kile kile walichosoma Kwame Nkrumah na Nnamdi Azikiwe. Kwa hivyo mtoto huyu alikulia kwenye nyumba ambayo elimu haikuwa mjadala. Mwaka 1957 akaingia Chuo cha Morehouse, Atlanta.

Februari 1960 wanafunzi wanne Weusi waliketi kwenye kaunta ya chakula ya wazungu mjini Greensboro wakakataa kuondoka. Siku chache baadaye Bond alikuwa kwenye mkahawa karibu na chuo, mwanafunzi mwenzake, Lonnie King, akamfuata na gazeti lenye habari hiyo. Ujumbe ulikuwa mmoja: na sisi je? Katikati ya Machi wanafunzi wa Atlanta wakaketi kwenye mikahawa iliyowabagua, na Bond akaongoza kundi lililoingia mkahawa wa makao makuu ya jiji. Akakamatwa. Mwezi uliofuata ikaundwa SNCC, kamati ya wanafunzi waliopambana na ubaguzi bila silaha, na Bond akawa mmoja wa waanzilishi. Mwaka 1961, akiwa karibu kabisa kumaliza, akaacha chuo ili afanye kazi ya kamati.

Hapa nilitulia kidogo. Mimi pia niliacha chuo, ila kilichonitoa ni ada, si harakati, kwa hivyo sitajifananisha naye. Lakini najua lile swali la shangazi kwenye harusi, sahani mkononi: "Na wewe siku hizi unafanya nini?" Sasa fikiria kuulizwa hivyo wakati baba yako amekuwa mkuu wa chuo kikuu. Bond alirudi akamaliza digrii yake ya Kiingereza mwaka 1971. Wakati huo alikuwa ameshakuwa mbunge miaka minne.

Kazi yake pale SNCC ilikuwa mawasiliano. Kijana amekamatwa Mississippi, Bond anaandika taarifa. Kanisa limechomwa, Bond anawapigia waandishi simu. Alihariri gazeti la kamati. Kazi yake, kwa kifupi, ilikuwa kuhakikisha kwamba jambo lililotendwa gizani limeandikwa mahali. Maneno ndiyo yaliyomlisha, na maneno ndiyo yaliyokuja kumponza.

Kiti alichogombea kilikuwa kipya. Kwa miongo mingi siasa za Georgia zilipangwa ili kaunti ndogo za mashambani, zilizoshikwa na wazungu, ziwe na uzito kuliko miji. Mwaka 1963 na 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema basi: kura ya mtu mmoja isizidi ya mwingine. Georgia ikalazimika kuchora upya maeneobunge yake, na Atlanta ikapata viti ambavyo haikuwa navyo. Mwaka 1962 Leroy Johnson alikuwa ameingia seneti ya jimbo, Mweusi wa kwanza kwenye bunge hilo kwa zaidi ya nusu karne. Juni 1965, kwa mipaka mipya, wakaja wengine. Bond akiwa mmoja wao.

Eneobunge 136 lilikuwa na wapiga kura wapatao 6,500, na takriban 6,000 kati yao walikuwa Weusi. Bond alifanya kampeni jinsi SNCC ilivyomfundisha, mlango kwa mlango, akiuliza watu wanataka nini kabla ya kuwaambia yeye anataka nini. Mpinzani wake hakuwa mnyonge, alikuwa mkuu wa wanafunzi wa kiume katika Chuo Kikuu cha Atlanta, Mweusi mwenzake. Bond alimshinda karibu kura tano kwa moja.

Kilichobaki kilikuwa kungoja Januari na kuapa.

Tarehe 3 Januari 1966, mjini Tuskegee, Alabama, kijana wa SNCC aitwaye Sammy Younge alisimama kwenye kituo cha petroli akitaka kutumia choo. Choo kilikuwa cha wazungu. Kukatokea ubishi, akapigwa risasi akafa. Alikuwa na miaka 21, na alikuwa amelitumikia jeshi la majini la Marekani. Siku tatu baadaye SNCC ikatoa tamko: serikali inayotuma vijana Vietnam ati wakalinde uhuru imeshindwa kumlinda Younge nyumbani kwake. Tamko likaenda mbali zaidi, likasema kamati inawaunga mkono vijana wasiotaka kuitwa jeshini.

Bond hakuliandika tamko hilo. Siku hiyo hiyo mwandishi wa redio moja iliyofadhiliwa na jimbo alimpigia simu: wewe mbunge mteule, unakubaliana nalo? Kumbuka hii ilikuwa mapema 1966. Wamarekani wengi bado walikuwa wanaunga mkono vita. Mwanasiasa wa kawaida angesema nitalisoma kwanza, ama simu inakatika-katika, hatusikilizani. Bond akasema anakubaliana nalo. Akaeleza kwamba yeye ni mpinga vita, si vya Vietnam pekee, vita vyovyote.

Kufikia tarehe 10, wabunge wasiopungua 75 walikuwa wametia saini malalamiko wakitaka asiapishwe. Walimshtaki kwamba kauli zake zinawapa faraja maadui wa Marekani na wa Georgia. Maadui wa Georgia! Sijui kama Vietnam Kaskazini ilikuwa na habari kwamba ina ugomvi na Georgia. Walisema pia kwamba mtu wa mawazo hayo hawezi kuapa kwa dhati kwamba atailinda katiba, kwa hivyo hata akiapa, kiapo ni hewa. Mbele ya kamati wakamhoji kuhusu vijana wanaochoma kadi zao za kuitwa jeshini. Akasema anaheshimu ujasiri wa anayechoma akijua yatakayomkuta, lakini yeye hajamwambia mtu yeyote achome. Kadi yake mwenyewe, akasema, iko mfukoni.

Kamati ikapiga kura 23 kwa 3, akataliwe. Bunge likafuata, 184 kwa 12.

Na hii haikuwa mara ya kwanza. Septemba 1868, miaka mitatu baada ya vita vilivyomaliza utumwa, bunge hilo hilo la Georgia liliwafukuza wabunge wake Weusi. Hoja ilikuwa kwamba katiba inampa Mweusi haki ya kupiga kura, lakini haikusema anaweza kushika cheo. Yaani unaruhusiwa kuchagua, huruhusiwi kuchaguliwa. Henry McNeal Turner, kasisi aliyekuwa mmoja wa waliofukuzwa, alisimama akawaambia kwamba hatawaomba haki yake kwa kujikunyata. Walirudishwa mwaka 1870 baada ya serikali ya taifa kuingilia kati. Kwa hivyo karani alipomwomba Bond akae kando, kulikuwa na watu pale Atlanta ambao babu zao walikuwa wameona tukio lile lile.

Siku ambayo Bond alitimiza miaka 26, Martin Luther King aliongoza maandamano hadi makao ya bunge kumtetea. King hakuwa mgeni wa heshima. Alikuwa akiishi ndani ya eneobunge 136. Alikuwa mpiga kura aliyenyang'anywa mbunge wake, na aliungana na Bond kwenda mahakamani kama mkazi wa eneo hilo. Hiyo kwangu ndiyo sehemu tamu ya kesi. Mtu aliyekuwa ameshinda tuzo ya Nobel anasimama mbele ya majaji na hoja ya mtu wa kawaida kabisa: mimi nina mwakilishi, nirudishieni.

Mahakama ya kwanza ikamkatalia Bond, majaji wawili kwa mmoja. Wakati rufaa inasubiri, gavana akaitisha uchaguzi mdogo wa kujaza kiti kilichokuwa "wazi". Nani akagombea? Bond. Nani akashinda, tena kwa kishindo? Bond. Bunge lilikuwa mapumzikoni, lakini kamati yake ya kanuni ikamwita, ikamtaka ayafute maneno yake. Akakataa. Ikamfungia nje mara ya pili. Septemba akashinda mchujo wa chama, Novemba akashinda uchaguzi wenyewe. Kati ya Juni 1965 na Novemba 1966 watu wa eneobunge 136 walimchagua mtu mmoja mara tatu, na muda wote huo hawakuwa na sauti hata moja bungeni.

Ninaposoma mwaka huo wa 1966 siwezi kuacha kufikiria nyumbani, na si kwa kulazimisha. Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru wetu, Jaramogi Oginga Odinga alipita Atlanta katika ziara yake Marekani. Vijana wa SNCC, John Lewis akiwemo, walikwenda hotelini kumsalimia. Walipotoka wakaingia mkahawa wa jirani, wakanyimwa huduma, wakagoma kuondoka, na baadhi yao wakalala ndani. Baadaye wakatunga wimbo wenye jina la Odinga. Mwaka uliofuata Lewis akafika Nairobi, na ni hapa, hoteli ya New Stanley, alikokutana na Malcolm X. Vijana hawa walitutazama sana. Kwao sisi tulikuwa mfano wa watu waliokwisha kushinda.

Sasa angalia. Aprili 1966, wakati Bond anazungushwa na bunge lake, Odinga alijiuzulu umakamu wa rais akaongoza chama kipya, KPU. Haraka haraka katiba yetu ikabadilishwa: mbunge akihama chama kilichomdhamini, kiti kinakwisha, arudi kwa wapiga kura. Juni ukafanyika uchaguzi uliokuja kuitwa uchaguzi mkuu mdogo. Wabunge na maseneta 29 waliingia, KPU ikarudi na viti 9.

Mtu anaweza kusema, si hiyo ndiyo haki? Kenya angalau ilimrudishia mwananchi kiti aamue. Mimi nasema tazama nani aliandika kanuni, lini, na kwa ajili ya nani. Sheria iliyopitishwa kwa siku chache ikiwalenga watu unaowajua kwa majina si sawa na sheria iliyokuwepo kabla ya ugomvi. Georgia ilimwondoa mtu ikiwapuuza wapiga kura. Kenya iliwaondoa watu ikiwatumia wapiga kura. Serikali zote mbili, mwaka mmoja, ziliona kiti kama kitu chake, cha kutoa na kupokonya.

Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatoa hukumu, majaji wote tisa kwa sauti moja. Iliandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren. Nimeisoma kwenye simu, nusu yake kwenye foleni ya Thika Road, na nashangaa jinsi ilivyo wazi. Georgia ilikuwa imedai kwamba mbunge, kwa kuwa anaapa, anapaswa kuchunga ulimi kuliko raia wa kawaida. Mahakama ikasema hapana. Mbunge lazima awe na nafasi pana ya kusema msimamo wake kuhusu sera, ili wapiga kura wamjue na wawakilishwe kweli. Na bunge haliwezi kutumia kiapo kama chujio, kupima dhati ya moyo wa mtu ili kuwazuia wenye mawazo tofauti.

Tusiitilie hukumu hiyo maneno ambayo haina. Ilisimama juu ya uhuru wa kusema. Haikusema kwa maneno hayo kwamba kiti ni cha mpiga kura, wala haikuingia katika suala la rangi. Lakini matokeo yake yalikuwa hayo. Siku chache baada ya hukumu, Alabama, raia waliokaa kuamua kesi ya kifo cha Sammy Younge, wazungu watupu, walimwachilia mshtakiwa. Ushindi na kidonda, mwezi mmoja.

Januari 1967 Bond akaapa. Siku hiyo hiyo, ama kesho yake kwa hakika, bunge likawa na kazi isiyo ya kawaida: kumchagua gavana, kwa sababu hakuna mgombea aliyepata zaidi ya nusu ya kura. Likamchagua Lester Maddox, mwenye mkahawa aliyepata umaarufu kwa kuwafukuza wateja Weusi, yeye na watu wake wakishika mipini ya shoka. Mahali hapo ndipo Bond alipopigania kuingia. Hakumpigia Maddox kura, wala mpinzani wake.

Mwaka 1968 akaongoza kikundi cha wajumbe wa Georgia kwenye mkutano wa chama cha Democratic mjini Chicago, kupinga wajumbe waliopangwa na kambi ya Maddox. Wakapewa nusu ya viti. Pale ukumbini jina lake likapendekezwa kwa umakamu wa rais wa Marekani. Ikabidi alikatae, katiba inataka miaka 35, naye alikuwa na 28.

Sasa inakuja sehemu ambayo filamu huruka: miaka ishirini ya kazi ya kawaida. Alikaa katika nyumba ya wawakilishi hadi 1975, kisha seneti ya jimbo hadi 1987. Uchaguzi ulikuwa kila miaka miwili. Ukihesabu tangu ule wa 1965, sanduku lilimjibu ndiyo mara 12. Mbunge wa jimbo hapewi mkutano wa waandishi kila siku. Anakaa kwenye kamati, anabishana kuhusu bajeti, anapoteza kura nyingi kuliko anazoshinda, hasa akiwa Mweusi katika bunge la wazungu. Na Bond alikuwa staa. Alialikwa kuhutubia vyuo kote nchini, na huko nyumbani watu wakaanza kunung'unika kwamba mheshimiwa haonekani. Nung'uniko hilo unalijua, halihitaji tafsiri.

Lakini kuna kazi moja aliyoifanya ambayo kwangu inazidi hotuba zote. Baada ya sensa ya 1980, Georgia ilipaswa kuchora upya maeneo ya bunge la taifa. Bond, akiwa seneta, alipendekeza eneo la tano, la Atlanta, lichorwe ili Weusi wawe wengi kiasi cha kuweza kumchagua wanayemtaka. Alipendekeza asilimia 69. Bunge likapitisha ramani nyingine, asilimia 57, ambayo ukizingatia waliojiandikisha kupiga kura ilikuwa kama kupewa sahani bila kijiko. Jambo likaenda mahakamani Washington. Mwaka 1982 mahakama ikasema ramani hiyo ilichorwa kwa nia ya kibaguzi. Ikachorwa nyingine, Weusi takriban asilimia 65.

Mwaka 1986 mbunge wa eneo hilo akaondoka kugombea useneta wa taifa. Kiti kikawa wazi, safari hii wazi kweli. Kila mtu alijua ni cha Bond. Ana jina, ana marafiki maarufu, na mipaka yenyewe aliipigania yeye.

Akajitokeza John Lewis. Ndiyo, yule yule wa New Stanley. Marafiki wa miaka 25. Lewis alikuwa mtoto wa wakulima maskini wa Alabama, mwenyekiti wa SNCC wakati Bond anaandika taarifa za kamati, kichwa kilichopasuliwa na rungu la polisi kule Selma mwaka 1965. Hakuwa msemaji mzuri kama Bond, na alijua. Alijinadi kama ile mashua ndogo inayovuta meli, si mashua ya maonyesho. Alirauka alfajiri kusalimu watu vituoni.

Duru ya kwanza, Agosti, Bond akapata asilimia 47, Lewis 35. Hajafika nusu, kwa hivyo duru ya pili. Kampeni ikawa chafu. Katika mdahalo Lewis akamtaka rafiki yake wapimwe wote wawili dawa za kulevya, Bond akakataa, na shaka ikabaki hewani. Tarehe 2 Septemba matokeo yakaja: Lewis 52, Bond 48. Wapiga kura wengi Weusi walimpa Bond, lakini Lewis alichukua sehemu ya hao, na wazungu wa eneo hilo wakampa Lewis kwa wingi mkubwa. Eneo lililochorwa ili Weusi waamue liliamuliwa na muungano ambao mchoraji hakuutegemea.

Nimesoma watu wakisema hiyo ilikuwa kejeli ya historia, ati alichimba kisima akafa kiu. Mimi naona tofauti. Mwaka 1966 Bond alipigania kanuni moja, kwamba hakuna mwingine anayeruhusiwa kumwondoa isipokuwa wale waliomweka. Kanuni hiyo haikuwa na kifungu cha kumlinda yeye. Wale waliomtetea mara tatu katika miezi 18 walikuwa na haki ile ile ya kumchoka. Ingekuwa kiti ni chake, angeshinda 1986. Alikubali matokeo. Lewis akakaa kwenye kiti hicho hadi alipofariki Julai 2020. Bond akawa mwalimu wa historia katika vyuo vikuu, sauti inayosimulia filamu ya Eyes on the Prize, mwenyekiti wa NAACP kwa zaidi ya miaka kumi. Alifariki Agosti 2015.

Kinachobaki na mimi ni ile ramani. Kibarua cha 1966 kilikuwa na majaji, King na waandishi wa habari. Kibarua cha mipaka kilikuwa na takwimu za sensa, vikao virefu na watu wanaosinzia. Lakini hicho cha pili ndicho kilichoamua nani atakuwa na sauti Washington kwa miongo iliyofuata.

Katiba yetu ya 2010, ibara ya 104, inasema wapiga kura wana haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla muda wake kwisha. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu muhimu vya sheria vilivyoeleza namna ya kufanya hivyo. Ndiyo maana Juni 2024, baada ya wabunge 195 kupitisha Mswada wa Fedha, tulipotafuta njia ya kuwarudisha hatukuipata. Hilo linajulikana, lilipigiwa kelele. Lisilopigiwa kelele ni kwamba katiba hiyo hiyo inataka mipaka ya maeneobunge ipitiwe upya kila baada ya miaka kati ya minane na kumi na miwili. Mara ya mwisho ilikuwa 2012. Machi 2024 ilipita bila mipaka mipya.

Siku moja IEBC itaita watu watoe maoni. Itakuwa kwenye ukumbi wa kanisa ama wa shule, viti vya plastiki, maikrofoni inayokwaruza, tangazo dogo gazetini ambalo wengi hawataliona. Wazee watakuja, madalali wa wanasiasa watakuja wamekodishiwa matatu. Nenda na wewe. Beba kitambulisho, na uingie mapema ukae mbele, mahali pa kuona ramani.